Lengalenga za Buyenzi na mvua isiyoaminika

BUJUMBURA. Mvua ya kwanza ya Septemba mwaka jana ilinidanganya. Ilinyesha Jumapili alasiri, ikapiga mabati ya Buyenzi karibu saa nzima, vumbi likatulia. Nikatoka na mbegu zangu za lengalenga, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu, nikazimwaga zote. Siku ya tano zikachipua. Kisha mvua ikaondoka wiki tatu. Asubuhi miche ilikuwa imesimama, saa nane mchana imelala kama nyuzi. Haikuamka tena.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, lengalenga ndiyo mchicha wako. Nairobi wanaiita terere, Kampala dodo. Mboga ni moja, na shida yake inaelekea kuwa moja.

Mkulima wa Burundi ana misimu mitatu: Agatasi, inayoanza na mvua za Septemba, Impeshi, kuanzia Februari, na Ici, kiangazi, wakati wa kulima mabondeni penye unyevu. Kalenda hiyo bado tunayo vichwani, ila mvua imeacha kuiheshimu. Ikitakiwa haiji, na ikija inapitiliza. Februari 2014 mafuriko ya usiku mmoja yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa jiji. Tangu 2020, mto Rusizi na Ziwa Tanganyika vimeifunika Gatumba mara kwa mara, nyumba na mashamba pamoja.

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670, nasi tunaliona kila siku. Lakini bomba likikauka mtaani, maji ya nyumba ni bidoni ya lita 20 iliyobebwa kwa mkono au kwa baiskeli. Bidoni hiyo ndiyo ya kupikia, ndiyo ya kuogesha watoto. Ukimwagilia mboga umempunja mtu. Ushauri wowote wa bustani usioanza na hesabu hiyo si wa kwetu.

Kwa hiyo nimeacha tuta, nimehamia kwenye gunia. Njia hii ilienea sana Kibera, Nairobi, kuanzia 2008, na uani kwetu inafaa kwa sababu uwanja wenyewe ni hatua nne. Unachukua kopo kubwa lililotobolewa chini na juu, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto. Kandokando unajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha unalivuta kopo juu, unajaza tena, hadi gunia lifike kifuani. Kokoto zinabaki katikati kama nguzo. Maji ukiyamwaga juu yanashuka humo na kusambaa mpaka chini. Miche inapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Maji yenyewe ni yale yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mchele, maharage na mboga. Yenye javeli usithubutu. Mimi humwagilia jua likishazama, kwenye udongo, si kwenye majani. Juu ya udongo natandaza makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa. Imbo ni nchi ya mpunga, na makapi hayagombaniwi sana. Mchana gunia linafunikwa kivuli cha makuti ya michikichi, yakielekezwa upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linaloua.

Kuna mazao niliyoyasamehe. Nyanya hutoa maua mazuri, na joto likizidi, hasa usiku usipopoa, huyaangusha yote. Kabichi na karoti nawaachia watu wa Bugarama, huko juu kwenye baridi. Lakini barabara ya kutoka huko ikiziba kwa maporomoko, au mafuta yakikosekana, bei ya mboga sokoni Ruvumera hupanda siku hiyo hiyo. Ndiyo maana sitaki uani kwangu kukauke kabisa. Lengalenga ikistawi huchumwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele, ambayo hustahimili ukame kuliko zote nilizojaribu, hukatwa na kuchipua tena. Ni chakula cha jioni mbili tatu kwa wiki. Kwa nyumba ya watu saba si jambo dogo.

Mwaka huu simwagi mbegu zote. Nusu imo ndani ya chupa ya soda, kifuniko kimekazwa. Kipimo changu ni mkono: mvua ikishanyesha mara mbili nachimba, na unyevu usipofika kina cha kiganja, narudi ndani.

Juzi wingu lilisimama juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, likatupa matone machache. Jirani yangu amekwisha panda, na ananicheka. Chupa yangu bado iko dirishani.