Baba mgeni, watoto wa hapa: uraia wa familia zinazohamia kandokando ya Ziwa

Alfajiri pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, si rahisi kumtambua mgeni. Dagaa wanashushwa, magunia yanapigiwa bei, na Kiswahili unachokisikia kina lafudhi ya Ukerewe, ya Rorya, ya Bukoba, ya Kisumu na ya Kampala, yote kwa pamoja. Mtu akikaa miaka mitatu, akalipa madeni yake na kufika misibani, anahesabiwa mwenyeji. Hakuna anayemuuliza karatasi.

Karatasi huulizwa baadaye, na mara nyingi anayeulizwa ni mtoto wake. Ni siku anapoomba kitambulisho cha taifa, pasipoti, au mkopo wa elimu ya juu ambao hutolewa kwa Watanzania tu. Hapo kijana wa miaka 18 aliyezaliwa hapa, asiyejua kwingine, anaulizwa: baba yako ni raia wa wapi?

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa kubuni, mvuvi kutoka Homa Bay nchini Kenya. Sababu ya kuja kwake inaeleweka ukitazama ramani: Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Tanzania ina karibu nusu. Alifuata samaki. Mwaka uliofuata akamleta mkewe, Mkenya mwenzake, na watoto wawili, wakapitia Sirari, wakapanga chumba Ilemela. Watoto wengine wawili wakazaliwa hapahapa. Wote wanne wanasoma shule moja, wanaongea Kisukuma cha mtaani kuliko Kijaluo cha nyumbani.

Je, wale wawili waliozaliwa Ilemela ni Watanzania?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hatuwalaumu, maana sheria yenyewe inasomeka kwa namna mbili. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia wa kuzaliwa. Wanaotolewa ni wachache, kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Ukiishia kwenye maneno hayo utasema ndiyo, ni Watanzania. Lakini Idara ya Uhamiaji haiitumii sheria hivyo. Inataka walau mzazi mmoja awe raia wakati mtoto anazaliwa. Wapo wanasheria wanaoona tafsiri hiyo inaibana sheria kuliko ilivyoandikwa, na hoja yao ina nguvu. Hata hivyo, anayesimama dirishani kuomba pasipoti anakutana na ofisa, hakutani na mwanasheria. Kwa utaratibu unaotumika leo, watoto wote wanne ni Wakenya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawatambua hivyo, popote walipozaliwa, kwa kuwa wazazi wao ni Wakenya.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA hakibadilishi jibu hilo. Cheti kinathibitisha kwamba mtoto alizaliwa mahali fulani, siku fulani, na wazazi fulani. Hakimpi uraia. Lakini usikiache kwa sababu hiyo! Ndicho kinachomfungulia mtoto mlango wa ubalozi wa nchi ya baba yake, na ndicho kitakachotazamwa kwanza akija kuomba uraia hapa. Mtoto wa mgeni aliyezaliwa Tanzania ana haki ya kuandikishwa kama mtoto mwingine yeyote.

Mambo yanabadilika mama akiwa Mtanzania. Mtoto huyo ni raia tangu kuzaliwa, hata baba awe wa wapi. Ila akirithi pia uraia wa baba, saa inaanza kuhesabu, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akifika miaka 18 anatakiwa achague, na asipoukana ule mwingine anaweza kuupoteza wa Tanzania. Wazazi wengi wa mipakani hawajawahi kuambiwa hili.

Kwa wanandoa wenyewe sheria haiko sawa kwa mume na mke. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo ya mkato. Kukaa ukweni miaka 20 na kulipa mahari ya ng'ombe kumi hakumfanyi raia.

Kuingia si kuhamia

Wengine husema, "Sisi ni Afrika Mashariki, mipaka imefunguliwa." Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu 1 Julai 2010, na kanuni zake zinampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kukaa kama mgeni hadi miezi 6. Ruhusa hiyo ni ya kutembelea. Anayetaka kukaa na kufanya shughuli zake mwenyewe anahitaji kibali cha ukaazi daraja A, na aliyeajiriwa daraja B pamoja na kibali cha kazi. Mke na watoto huingizwa chini ya kibali cha baba kama wafuasi wake. Kwa hiyo kibali cha baba kikiisha bila kuhuishwa, familia nzima imeingia kwenye kosa, hata yule mdogo wa darasa la pili.

Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia utaratibu wa serikali. Shamba la kijiji alilouziwa kwa karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti halimlindi. Siku ugomvi ukizuka, fedha zimekwenda na shamba limekwenda.

Kanda yetu imeshaona uzito wa jambo hili. Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondoka. Taarifa za wakati ule zilieleza familia zilizotenganishwa, mzazi mmoja akavushwa mpaka na mwingine akabaki na watoto. Baadhi walikuwa wameishi hapa tangu utoto. Majirani waliwajua kwa majina, lakini hawakuwa kwenye daftari lolote.

Upande wa pili, Tanzania imewahi pia kufungua mlango kwa upana ambao nchi chache zimethubutu. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walikabidhiwa vyeti vya uraia. Walikuwa wamesubiri miaka 42.

Kwa baba wa kawaida, njia ni uraia wa tajnisi. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, atangaze nia yake gazetini, na akikubaliwa aukane uraia wake wa zamani. Mwamuzi wa mwisho ni waziri, na halazimiki kutoa sababu akikataa.

Baba akishapata uraia, anaweza kumwombea mtoto wake aliye chini ya miaka 18. Aliyeshavuka umri huo anaanza safari yake mwenyewe kama mgeni aliyeshuka jana kwenye boti, na miaka 7 yake inahesabiwa. Ndiyo maana umri wa mtoto mkubwa una maana kuliko kitu kingine chochote kwenye hesabu hii. Baba wa Homa Bay aliyemleta kifungua mimba wake akiwa na miaka 8, kisha akaanza kutafuta kibali miaka mitatu baadaye, tayari amechelewa kwa mtoto huyo. Kwa wale wawili wa Ilemela bado ana nafasi. Aanzie ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au ya mkoa, pale Mwanza, akiwa na pasipoti yake, kibali chake, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne, na kila anapolipa ada adai stakabadhi ya serikali na kuitunza.