Kazi Ambayo Haikuanza

Daraja la Nelson Mandela, linalovuka reli kati ya Braamfontein na Newtown jijini Johannesburg, lilizinduliwa Julai 2003. Lina urefu wa mita 284, na lilijengwa juu ya njia 42 za treni bila safari kusitishwa. Mkandarasi alikuwa Grinaker-LTA, jina kubwa enzi hizo. Mwaka 2019 kampuni mama, Aveng, ikiwa imeelemewa na madeni, iliiuza kwa mafungu. Kampuni nyingine ya ujenzi, Basil Read, ilikuwa imetangulia 2018 kuingia katika utaratibu wa kisheria wa kunusuru kampuni zinazoelekea kufilisika, na Machi 2019 ikafuata Group Five.

Watu wakisikia habari hizo huuliza ni wafanyakazi wangapi waliofukuzwa. Kwa sisi wakadiriaji majenzi, swali hilo linapiga kando. Wengi waliopoteza riziki hawakufukuzwa na mtu. Kazi yao iliisha salama, jengo likakabidhiwa, wakaagana. Kilichowaumiza ni kazi ya pili, ile waliyoitegemea, ambayo haikuanza.

Ujenzi una hesabu yake ya kikatili. Chukua mji wenye ofisi 1,000, unaohitaji ofisi 50 mpya kila mwaka. Uchumi ukipunguza kasi, mwakani ukahitaji 25 tu, mji bado unakua. Mwenye mgahawa, mwenye teksi na karani wa benki huenda wasihisi kitu. Lakini kazi za ujenzi zimekatika nusu, na mafundi nusu wako kijiweni. Ndiyo maana sekta hii huanguka hata pale uchumi unaposinzia tu. Afrika Kusini imesinzia kwa muda mrefu: Mpango wa Taifa wa Maendeleo wa 2012 ulilenga uwekezaji katika majengo, miundombinu na mitambo ufike asilimia 30 ya pato la taifa ifikapo 2030. Miaka ya karibuni umekuwa ukizungukia asilimia 15.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010 viwanja vilikuwa vinainuka kila upande na reli ya Gautrain inachimbwa. Julai 2009 wafanyakazi wapatao 70,000 wa viwanja waligoma, na kwa takriban wiki moja wakapata nyongeza ya asilimia 12. Fundi anayegombaniwa ana sauti. Kombe lilipopita, miradi ya umeme ya Medupi na Kusile iliwabeba wengine kwa miaka kadhaa, kisha kimya kikatanda.

Wapo wanaodai kwamba kampuni ziliuawa na faini za 2013, pale Tume ya Ushindani ilipozitoza kampuni 15 jumla ya rand bilioni 1.46 kwa kula njama za kugawana zabuni. Sikubaliani nao. Adhabu ile ilikuwa stahiki, na iliuma bila kuua. Kilichoua ni uhaba wa zabuni, na jinsi uhaba huo unavyomsukuma mkandarasi kukubali hatari ambazo mwaka wa neema asingezigusa. Group Five ilikwenda kujenga kituo cha umeme cha Kpone, Ghana. Mradi ukachelewa, na mwishoni mwa 2018 mwenye mradi akadai dhamana za zaidi ya dola milioni 60. Dhamana ya namna hiyo ni ahadi ya benki kwamba mkandarasi asipotimiza, italipa. Ikishaitwa, benki humgeukia mkandarasi, na fedha iliyokuwa ya mishahara na saruji kwenye miradi mingine yote inakauka. Wakandarasi wadogo chini yake, wenye hati za malipo zilizokwisha kusainiwa, wanapanga foleni pamoja na wadai wengine.

Sasa tumtazame fundi mwenyewe. Sheria ya kazi ya Afrika Kusini ya 1995, kifungu cha 189, inamtaka mwajiri anayepunguza watu ashauriane nao au na chama chao kwanza, na kwa sheria nyingine kila aliyepunguzwa anastahili angalau mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka aliotumikia. Ulinzi mzuri, ila unamhusu anayepunguzwa. Aliyeajiriwa kwa mradi mmoja hapunguzwi. Mkataba wake unakufa wenyewe mradi ukiisha. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2015 yalijaribu kuziba tundu hilo: aliyefanya kazi kwenye mradi mmoja zaidi ya miezi 24 alipwe wiki moja kwa kila mwaka, hata kama mkataba umeisha kwa muda wake. Lakini ni wangapi hukaa kwenye mradi mmoja miezi 24? Mmwaga zege na mfunga nondo huondoka mapema, ukuta unapoanza kupanda. Isitoshe, waajiri wenye wafanyakazi pungufu ya 10 hawabanwi na masharti hayo, na huko kwa wakandarasi wadogo ndiko waliko vibarua wengi. Mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira nao huhesabu mafao kwa siku ulizochangia. Mikataba mifupi huzaa mafao mafupi.

Newtown inaijua hali hii kuliko mitaa mingi. Ilianza ikiitwa Brickfields: Waafrikana maskini walichimba udongo pale kijitoni na kuchoma matofali yaliyojenga mji wa dhahabu, mpaka reli ilipoitwaa ardhi miaka ya 1890. Hawakuwa na mwajiri wa kuwaachisha kazi. Baadaye manispaa iliweka hapo bweni la zaidi ya wanaume 300 walioletwa kutoka vijijini. Leo bweni hilo ni Makumbusho ya Wafanyakazi, na ukiingia utaona vitanda vya zege vilivyobanana. Mkataba ukiisha, mtu alirudi kwao, na jiji halikuwa na mtu wa kumhesabu.

Takwimu za leo bado zina upofu wa namna hiyo. Kwa kipimo rasmi, asiye na kazi ni yule anayeitafuta. Robo ya pili ya 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa korona, ajira milioni 2.2 zilipotea Afrika Kusini, takriban 278,000 kati yake za ujenzi. Kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kikashuka, kutoka asilimia 30.1 hadi 23.3, kwa sababu watu hawakuweza kutoka kutafuta! Kipimo kipana, kinachowahesabu pia walioacha kutafuta, kilipanda hadi asilimia 42. Mwishoni mwa 2021, kipimo rasmi kilipofika 35.3, kile kipana kilikuwa 46.2. Ukitaka kujua hali ya mafundi, soma kipimo kipana.

Wala si kwamba hakuna cha kujenga. Julai 2023 mlipuko wa chini ya ardhi uliipasua barabara ya Lilian Ngoyi, inayopita kando ya ukumbi wa maonyesho wa Market Theatre pale Newtown. Ukarabati ukasuasua, mkandarasi akaondolewa kazi ikiwa njiani. Shimo lilikuwepo, mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni mteja anayetangaza zabuni kwa ratiba na kulipa kwa wakati.

Kenya inapaswa kusoma hapo. Sekta yake ya ujenzi ilisinyaa kwa asilimia 0.7 mwaka 2024, huku wakandarasi wa barabara wakiidai serikali mabilioni. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani sehemu ya tozo ya mafuta ili ipate fedha za kuwalipa. Ni hatua njema, ila fedha hizo zinalipia barabara zilizokwisha kufanyiwa kazi, na sehemu ya tozo ambayo ingelipia zinazofuata sasa imeshakopewa.