Maua Kabla ya Mvua

Kasulu na Kibondo ni wilaya za Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Nchi yake ina milima na vilima vingi, na sehemu kubwa ya misitu yake ni ya miombo. Mvua huanza kunyesha mwezi Oktoba au Novemba na huendelea hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Wakati huo nyasi hukauka, miti mingi hupukutisha majani, na moto huunguza mbuga mahali pengi.

Hata hivyo, mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijaanza, maua huchanua. Je, mimea hupata wapi chakula cha kuchanulia?

Matembezi ya kupanda mlima

Tuseme darasa lenu linapanda njia ya miguu iendayo kwenye mwanya kati ya vilima viwili, mwanzoni mwa Oktoba. Chini ya kilima ardhi ni nyeusi kwa majivu. Lakini mkiinama mtaona maua madogo, ya manjano, meupe na ya zambarau, yametokeza moja kwa moja kutoka ardhini. Mengine bado hayana majani.

Mkipanda zaidi mtauona mninga. Huenda usiwe na jani hata moja, lakini matawi yake yamejaa maua ya manjano. Karibu yake upo mtundu wenye majani mekundu. Majani hayo hayafi, bali ni machanga. Bado hayana umbijani wa kutosha, yaani ile rangi ya kijani inayoyawezesha majani kutengeneza chakula. Baada ya majuma machache yatakuwa ya kijani.

Mkifika mwanyani, nyamazeni kidogo. Mtasikia nyuki wakivuma mitini.

Akiba iliyo ardhini

Wakati wa mvua, majani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa kutengeneza chakula. Mmea hautumii chakula chote. Sehemu yake hushuka na kuhifadhiwa chini ya ardhi kama wanga. Mimea midogo huweka akiba hiyo katika matunguu, viazi au mizizi minene. Miti huiweka katika mizizi na shina.

Moto wa nyasi unapopita haraka, joto lake haliingii ardhini sana. Kwa hiyo akiba haiungui. Joto la hewa linapoongezeka mwezi Septemba, mmea huanza kuitumia akiba yake. Mizizi mirefu ya miti hufikia udongo wenye unyevu ulioko chini.

Katika nchi za Ulaya pia kuna mimea inayochanua kwa akiba ya tunguu. Lakini huko mimea hungoja baridi kali iishe. Kwetu hungoja mwisho wa ukame.

Nyuki na maua

Maua yanapochanua mitini kabla majani hayajawa mengi, huonekana kwa urahisi. Nyuki huyaendea kutafuta maji matamu yaitwayo mbochi. Wanapofanya hivyo hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, na maua hupata kuzaa mbegu. Nyuki hutengeneza asali kutokana na mbochi. Ndiyo sababu wafugaji wengi wa nyuki hutundika mizinga yao katika misitu ya miombo.

Mambo yanayoharibu akiba

Moto wa mwanzo wa kiangazi si mkali sana, kwa kuwa nyasi bado zina unyevu. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali. Huunguza maua na majani machanga, na nyuki hukosa chakula.

Jambo la pili ni kubandua magome. Watu wengine hutengeneza mizinga kwa gome lililobanduliwa kulizunguka shina lote. Chakula kutoka majanini hushuka kwa kupitia sehemu ya ndani ya gome. Gome likiondolewa, mizizi haipati chakula tena. Mti hutumia akiba iliyobaki, kisha hufa. Hivyo mfugaji hupata mzinga mmoja, lakini hupoteza mti ambao ungewapa nyuki wake mbochi kila mwaka. Mzinga wa mbao, au uliochongwa kutoka katika mti ulioanguka, hauleti hasara hiyo.

Jaribio

1. Chukua kitunguu maji kizima. Kiweke mahali pakavu, bila udongo wala maji, mpaka kichipue.
2. Kibonyeze, kisha ukilinganishe na kitunguu ambacho hakijachipua. Kipi ni laini zaidi? Kwa nini?
3. Pasua vyote viwili kutoka juu hadi chini. Chora unachokiona.

Angalia: Usionje matunguu ya porini. Baadhi yana sumu kali. Usiyachimbe pia, kwa kuwa mmea ukinyang'anywa akiba yake hautachanua tena.

Maswali

1. Kwa nini mninga unaweza kuchanua ukiwa hauna majani?
2. Taja sehemu tatu za mimea zinazohifadhi chakula chini ya ardhi.
3. Kwa nini moto wa Oktoba una madhara zaidi kuliko moto wa Juni?
4. Eleza kwa nini mti uliobanduliwa gome kulizunguka shina lote haufi siku ile ile.
5. Chunguza mimea iliyo karibu na shule yenu. Ipi huchanua kabla ya mvua?