Jalada Liko Kaunti Gani?

Ndugu akikamatwa Texas, jamaa walioko Bukavu au Kigoma hupata habari nusunusu kwa simu: kachukuliwa na polisi, kapelekwa wapi haijulikani, kosa gani haijulikani. Mwenye intaneti huandika jina lake mtandaoni, na tovuti za kwanza kujitokeza huwa za wafanyabiashara. Zinadokeza kwamba zina picha yake, zinadai malipo kwa kadi, kisha zinamuuzia taarifa zilizookotwa huku na kule, nyingine zimepitwa na wakati, nyingine za mtu mwingine kabisa. Na rekodi yenyewe ipo, mara nyingi ya kutazamwa bure, katika ofisi iliyoiandika.

Tatizo ni kuijua ofisi hiyo, maana Texas haina masjala moja. Jimbo lina kaunti 254, na kila kaunti ina sherifu na makarani wa mahakama wanaochaguliwa kwa kura. Kila moja hujichagulia mfumo wake wa kompyuta, kwa hiyo aliyezoea tovuti ya Houston akienda kwenye ya Dallas anaanza upya. Kati ya kaunti ndogo za magharibi, ziko ambako njia ya haraka bado ni kumpigia karani simu akafungue kabati. Ndiyo maana swali la kwanza ni mahali alipokamatwa, jina lifuate. Hata hapo kuna mtego: mji wa Houston wenyewe umevuka mipaka ya Kaunti ya Harris, na mtu anayesemekana kukamatwa Houston anaweza kuwa amelala jela ya Kaunti ya Fort Bend.

Ukishajua kaunti, anza na orodha ya mahabusu ya sherifu. Kwa kawaida utaona siku aliyoingizwa, kosa analotuhumiwa na kiasi cha dhamana. Dhamana hupangwa na hakimu wa awali, ambaye sheria inataka mtuhumiwa afikishwe kwake ndani ya saa 48. Akishatoka, jina lake linaweza kufutika kwenye orodha hiyo, nawe ukadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Jalada limehamia mahakamani, na uzito wa kosa ndio unaoamua mahakama gani.

Makosa ya faini tupu, kama mwendo kasi, huishia mahakama ya mji au ya hakimu wa amani. Makosa madogo yanayoweza kumfunga mtu hadi mwaka mmoja huenda mahakama ya kaunti, na jalada hukaa kwa karani wa kaunti. Makosa makubwa huenda mahakama ya wilaya, yenye karani wake. Harris wameuvunja mpango huo: karani wa wilaya ndiye anayetunza majalada ya jinai ya ngazi zote mbili hizi za juu.

Kesi za serikali kuu ya Marekani hazimo humo kabisa. Zina mfumo wake uitwao PACER, senti 10 kwa ukurasa, na matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka hayalipiwi. Aliyeshikwa na idara ya uhamiaji, ICE, anatafutwa bure kwenye tovuti ya idara hiyo, kwa namba yake ya uhamiaji na nchi aliyozaliwa.

Msomaji aliyezoea tovuti za sheria za kwetu, TanzLII au Kenya Law, atashangaa kidogo. Kule tunasoma hukumu, hasa za mahakama za juu. Texas unafunguliwa jalada lenyewe: hati ya mashtaka, dhamana, tarehe za kuahirishwa, maombi ya mawakili.

Karatasi za polisi na za halmashauri zina sheria tofauti, na watu wengi huzichanganya na za mahakama. Sheria ya taarifa za umma ya Texas ilipitishwa mwaka 1973, baada ya kashfa ya hisa ya Sharpstown, iliyomwangusha hata Spika wa Bunge la jimbo, Gus Mutscher. Alitiwa hatiani mwaka 1972. Sheria hiyo haizihusu mahakama. Hizo zina kanuni zake. Kwa ofisi nyingine, andika ombi, hata kwa baruapepe. Afisa haruhusiwi kukuuliza unalitakia nini. Akitaka kukunyima, kwa kawaida ana siku 10 za kazi kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo aamue. Nakala ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa.

Siipambi sheria hiyo. Taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa ni wazi, lakini polisi wanaweza kuzuia mafaili ya upelelezi wa shauri ambalo halikuishia kwenye hatia. Mtuhumiwa akifa mikononi mwao, shauri haliwezi kuishia kwenye hatia, na mlango unaweza kufungwa hapohapo. Baada ya mauaji ya shuleni Uvalde mwaka 2022, ambako mshambuliaji aliuawa palepale, vyombo vya habari vililazimika kwenda mahakamani kudai kumbukumbu.

Sasa majina, ambako watu wetu wanaumia zaidi. Mkimbizi aliyetoka kambini anaweza kuwa na jina la ukoo mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine. Wengi wameandikiwa kuzaliwa Januari 1, kwa kuwa siku halisi haikujulikana wakati wa kuandikishwa. Ukitafuta jina la kawaida pamoja na tarehe hiyo, utaletewa watu wawili watatu, na mwenye nyumba au mwajiri asiye mwangalifu atambebesha mtu kesi ya mwenzake. Jaribu mpangilio wote wa majina, kisha linganisha anwani na umri. Mfumo wa idara ya usalama wa jimbo, DPS, unauza utafutaji kwa jina, na jina lina udhaifu huohuo. Mwenye rekodi anayetaka uhakika hupiga alama za vidole.

Ukilipata jalada, nenda moja kwa moja kwenye matokeo. Kukamatwa si kutiwa hatiani, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni utaratibu wa Texas ambapo mtu anakiri kosa, hakimu anaahirisha kumtia hatiani, na akimaliza kipindi cha uangalizi shauri linafutwa. Kwa jimbo hana hatia, ingawa rekodi inaendelea kuonekana mpaka mahakama iamuru ifichwe. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri kule pamoja na masharti aliyowekewa huhesabika kuwa ametiwa hatiani. Nimeona watu wakijaza fomu ya uraia, N-400, wakaandika kwa moyo mweupe kwamba hawajawahi kuwa na kosa.

Fomu hiyo inataka kila kukamatwa kutajwe, hata kulikofutwa, pamoja na matokeo ya shauri kwa nakala yenye mhuri wa karani. Amri ya kufuta rekodi ya Texas huziondoa karatasi zenyewe, na karani hawezi kukugongea mhuri kwenye jalada ambalo halipo tena. Kwa hiyo mwenye haki ya kufutiwa achukue kwanza nakala mbili tatu zilizothibitishwa, azihifadhi nyumbani, kisha wakili apeleke ombi.