Nyarubuye, Ng'ambo ya Rusumo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata barabara ya malori kutoka Isaka, tukapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, tukaishia kwenye daraja la Rusumo, pale dereva anapoacha kushika kushoto na kuanza kushika kulia. Leo tunavuka.

Mtu wa Shinyanga au Geita akitajiwa mauaji ya kimbari, mawazo yake huenda Kigali, kwenye jumba la kumbukumbu la Gisozi. Aliyesoma zaidi hukumbuka pia Auschwitz na Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi. Ni wachache wanaojua kwamba parokia ya Nyarubuye, ambako maelfu ya watu waliuawa katika siku chache za Aprili 1994, iko ng'ambo tu ya Rusumo, katika wilaya ya Kirehe. Abiria wanaotoka Kahama kwenda Kigali huipita njia panda yake bila kugeuza shingo. Septemba 2023 UNESCO iliingiza kumbukumbu nne za Rwanda katika orodha ya urithi wa dunia: Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero. Nyarubuye haimo. Wageni wake ni wachache, na kwa sababu hiyo mwongoza wageni hana haraka nawe. Anakutembeza taratibu, anasubiri maswali, na kama unatoka Tanzania anakueleza kwa Kiswahili, kwani katika eneo hili la mpakani wako wengi waliokulia upande wetu wa mto Kagera.

Kabla ya kuingia unaombwa usipige picha ndani bila ruhusa, uzime simu, na uvue kofia. Kanisa ni kubwa, la matofali, na watu wa parokia wanasali humo hadi leo. Jambo hili huwashangaza wageni wengi, nami naliona ni jema: waumini hawakukubali wauaji wawe na neno la mwisho juu ya nyumba yao ya ibada. Kumbukumbu yenyewe iko katika majengo yaliyo pembeni ya kanisa.

Kilichonivuta zaidi katika ziara ile ni mpangilio wa maelezo. Nilidhani tungeanza na mifupa. Tulianza na ngazi za utawala. Wakati ule Nyarubuye ilikuwa ndani ya wilaya ya Rusumo, mkoa wa Kibungo. Kiongozi wa wilaya, aliyeitwa bourgmestre, alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, na alikuwa ameshika madaraka hayo tangu 1983. Kila mtu alimjua. Ndiye aliyesimamia polisi wa wilaya, ndiye aliyeitisha mikutano, ndiye aliyekuwa na magari ya serikali. Watu walizoea kumsikiliza kama sisi tunavyomsikiliza mkuu wa wilaya anapokuja kuhimiza kilimo.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali usiku wa 6 Aprili 1994. Kilichofuata Rusumo tunakijua kwa undani kwa sababu kilichambuliwa mahakamani Arusha, shahidi baada ya shahidi. Gacumbitsi alikwenda kwenye vikao na wakubwa wa mkoa na wa jeshi. Alipokea masanduku ya silaha, akayagawa katika maeneo yake. Kisha akazunguka kwenye vituo vya biashara na kuwachochea Wahutu wawaue majirani zao Watutsi. Watutsi walipoona moto unakaribia, wakakimbilia parokiani na watoto wao na ng'ombe wao, kwa kuwa katika vurugu za miaka iliyotangulia kanisa liliheshimiwa. Ijumaa ya 15 Aprili, mchana, Gacumbitsi alifika parokiani pamoja na polisi na wanamgambo wa Interahamwe. Mahakama iliridhika kwamba yeye mwenyewe alimuua mtu mmoja mbele ya umati, na tendo hilo likawa ishara ya kuanza. Kesho yake walirudi kuwamaliza waliokuwa bado na pumzi na kupora mali. Gacumbitsi alipita na gari akitumia kipaza sauti kuchochea ubakaji wa wanawake na wasichana wa Kitutsi.

Masanduku ya silaha, vituo vya biashara, gari, kipaza sauti. Nawasihi wasomaji tusivipite vitu hivi haraka, maana bado tunasikia mitaani kwetu maneno kwamba yale ya Rwanda yalikuwa ghadhabu ya makabila, watu walipandwa na wazimu tu. Wazimu hauna ratiba. Nyarubuye palikuwa na ratiba, kulikuwa na usafiri, kulikuwa na mgawanyo wa kazi, na yote yalipitia ofisini.

Kuna kitu kimoja kinachoonyesha jambo hilo kuliko silaha zote. Ni kitambulisho cha zamani cha Mnyarwanda, kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara moja, chenye picha ndogo ya mwenyewe upande mmoja. Chini ya picha au pembeni yake kuna mstari wa kabila, na kwenye mstari huo yamechapwa maneno Hutu, Tutsi, Twa na Naturalisé, yakifuatana. Karani alichukua kalamu na kuyakata yasiyohusika. Lile lililobaki bila kukatwa ndilo lililoamua, kwenye kizuizi cha barabarani, kama mtu atapita au atavutwa pembeni. Utaratibu huu uliletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na serikali za Rwanda baada ya uhuru zikauendeleza kwa miongo mitatu. Karani yule huenda hakuwahi kushika panga maishani mwake.

Nikiwa pale niliwaza sungusungu wetu. Jeshi hili la jadi lilizaliwa huku kwetu, maeneo ya Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka na wezi wa ng'ombe. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, unapopigwa, kila mwanamume anatoka na upinde wake. Limeokoa mifugo na roho za watu wengi, wala simo miongoni mwa wanaolibeza. Lakini Rwanda nayo ilikuwa na ulinzi wa usiku wa wananchi, na ilikuwa na kazi za pamoja za umuganda, na vyote viwili vilikuwa vitu vyema. Mwaka 1994 viongozi walivigeuza: walinzi wa usiku wakasimamia vizuizi, na wito wa kazi ya pamoja ukawa wito wa kuua. Chombo kilikuwa kilekile na watu ni walewale, amri ndiyo iliyobadilika.

Nasi tunayo yetu ya kutazama. Shinyanga tumewaua bibi zetu kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi wanayopikia. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino wakaanza kuwindwa katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, wauaji wakiwauzia viungo vyao waliodanganywa kwamba vitaleta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, na hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kwa mauaji ya aina hiyo. Haya si mauaji ya kimbari kwa maana ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 1948, nami sitaki kuvichanganya vitu viwili. Ila hatua ya kwanza inafanana: jirani anapewa jina jingine, na jina hilo likishazoeleka, kumgusa hakuonekani tena kuwa ni kumgusa mtu. Sengerema, jirani na Geita, ipo sanamu ya baba aliyembeba begani mtoto wake mwenye ualbino huku mama akimvalisha kofia ya kumkinga na jua. Walimu wanaowapeleka wanafunzi kisiwani Saanane kutazama simba wangeweza kusimama na hapo pia.

Turudi Nyarubuye. Mifupa ipo, na nguo zipo, zimefifia hadi zote zinakaribia rangi moja ya udongo. Mwanzoni marehemu waliachwa pale walipoangukia, na mwandishi wa Marekani Philip Gourevitch, aliyefika 1995, alianza kitabu chake kuhusu mauaji haya kwa kueleza aliyoyaona hapo. Baadaye wengi walizikwa kwa heshima katika makaburi ya pamoja, na sehemu ndogo ikabaki ndani kama ushahidi. Kwa mila zetu jambo hili ni zito. Msukuma hamwachi marehemu wake juu ya ardhi, na Mnyarwanda vilevile. Mimi nakubaliana na walioamua kubakiza sehemu, kwa sababu wako watu, tena wenye elimu, wanaosema hadi leo kwamba hapakutokea kitu. Mwongoza wageni hasemi mengi chumbani humo. Anasimama mlangoni na kukuacha upite peke yako.

Kumbukumbu ndogo za namna hii ziko hata Ulaya, na mojawapo inatuhusu. Katika mtaa wa Brunnenstraße mjini Berlin, mwaka 2007, kiliwekwa kibao cha shaba chenye ukubwa wa kiganja cha mkono katikati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba namba 193. Kinamtaja Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari mtoto wa jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Alihamia Berlin 1929, akafundisha Kiswahili huko na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Huko nako palikuwa na karani, na faili.

Aliyeongoza mauaji ya Nyarubuye alivuka mto kama tulivyovuka sisi, ila kwa kuelekea kwetu. Kati ya 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walipita Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku mbili. Mahindi na maharage ya kuwalisha yalishushwa kwenye mabehewa pale Isaka na kupakiwa kwenye malori. Wazee wa Isaka na Kahama wanaikumbuka misafara hiyo. Miongoni mwa waliokuwa wakilishwa alikuwa Gacumbitsi, na Fergal Keane wa BBC alimkuta kambini akamhoji. Alikamatwa mkoani Kigoma Juni 2001, akapelekwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Juni 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa mauaji ya kimbari, uangamizaji na ubakaji. Julai 2006 Mahakama ya Rufaa iliipandisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Anayetaka kwenda apite Rusumo akiwa na hati yake ya kusafiria, na ajipange kufika asubuhi. Kuanzia 7 Aprili, Rwanda huwa katika maombolezo, na wakati huo mgeni atawakuta wenye marehemu wao wakifanya ibada, kwa hiyo atulie na kuwapisha. Hakuna anayelazimisha sadaka, ingawa maua hupokelewa. Watoto wadogo wasipelekwe.

Katika sehemu ya tatu tutaufuata mto wenyewe. Kagera inatoka Rusumo kwenda kaskazini, inageukia mashariki na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1994 ilibeba miili mingi kiasi kwamba watu waliokaa kandokando ya ziwa waliogopa kula samaki. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliitoa miili hiyo majini kwa mikono yao na kuizika: 2,875 Kasensero, 3,337 Lambu, na 4,771 Ggolo. Tutaanzia Kasensero.