Kituo cha Kijiji Kina Kazi Gani?

Ukiwauliza wanafunzi wa Mabira kituo cha jamii ni kitu gani, wengi watakuambia: ni pale wanapogawa madaftari na sare. Sawa, sare ni muhimu. Lakini je, mtoto aliyefiwa na mama yake akipewa sare mpya, atapata usingizi? Yale anayoyaota usiku atamwambia nani?

Mkoa wetu wa Kagera unalijua swali hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Katikati hapo wazazi wengi walikufa, na watoto wakabaki na bibi zao, au wao kwa wao.

Walivyofanya Nshamba

Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, katika miaka ya 1990 ulianza mradi ulioitwa Humuliza. Sisi wa huku neno hilo tunalielewa bila mkalimani: ni kufariji, kutuliza moyo. Mradi uliwafundisha walimu na walezi namna ya kumsikiliza yatima.

Kwa nini wafundishwe? Kwa sababu mtoto mwenye huzuni halii kila mara. Mwingine anakuwa kimya darasani, mwingine anapigana ovyo, alama zinashuka. Mwalimu asiyejua atasema huyu ni mtukutu, fimbo! Anayejua atamwita pembeni amwulize.

Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, cha wenye umri wa miaka 13 hadi 20. Walikuwa na benki yao ya akiba, walilima, na waliwasaidia wazee kazi za nyumbani. Umeona? Yule aliyekuwa anahurumiwa, sasa anategemewa. Hiyo nayo inaponya.

Na bibi je?

Mwaka 2003, hapohapo Nshamba, mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi. Wengi wao walikuwa bibi wanaolea wajukuu. Hela ilikwenda wapi? Kwenye chumvi, sabuni, viatu vya shule. Bibi akiwa na sabuni, mjukuu haoni aibu kukaa na wenzake darasani. Ukitaka kumsaidia mtoto, mwangalie na anayemlea.

Tuanzie wapi hapa Mabira?

Siyo lazima tungoje mfadhili aje na matofali. Kaeni na mwalimu wa malezi au mwenyekiti wa kijiji, mkubaliane haya:

1. Mahali na siku. Darasa lililo wazi baada ya masomo linatosha. Siku iwe ileile kila wiki, ili mtoto ajue atawakuta.

2. Watu wazima wa kuaminika. Wawe wawili au zaidi, mwanamke na mwanamume. Mtoto asifungiwe chumbani peke yake na mtu mzima, hata kama ni mtu wa heshima.

3. Kazi ya kweli kwa vijana. Kidato cha tatu wawafundishe wadogo hesabu. Mwingine atunze daftari la akiba. Wengine waende kumchotea maji mzee.

4. Njia ya mambo mazito. Mtoto akipigwa vibaya au akibakwa, msiyamalize kimyakimya kwa kupatanisha familia. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya mapema, ndani ya saa 72, kwani dawa ya kuzuia VVU huanzishwa ndani ya muda huo. Namba 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Na kama kikundi hakijaanza bado? Mwangalie aliyekaa jirani yako darasani. Amekuwa kimya wiki nzima? Mwulize habari za nyumbani, halafu usiwe na haraka ya kuondoka.