Tulikula Masaka: Kumbukumbu za Safari ya Uganda

Wazee wetu walisema, "Tembea uone," lakini hawakutuambia mtembezi ale nini. Wengi wetu tukisafiri twachukua chakula cha nyumbani kwa kuogopa gharama, au kwa kuogopa tumbo. Leo nataka niwaelezeni habari za kapu moja la chakula lililotoka hapa kwetu Mkolani likafika Masaka, katika nchi ya Uganda. Mwenye kapu hilo aliogopa jambo jingine kabisa.

Mwishoni mwa Mei 2024 tuliondoka watu kumi na wanane kwenda Namugongo, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ambayo huadhimishwa kila tarehe 3 Juni. Mimi nilikuwa karani wa safari: kazi yangu ilikuwa kutunza majina, hati na fedha. Pamoja nasi alikuwapo shangazi yangu, mama wa miaka sitini na zaidi. Mkononi alichukua kapu kubwa, na ndani yake michembe, matobolwa, karanga za kukaanga na chupa ya maji. Nikamwambia, "Shangazi, njiani kuna hoteli tele." Akanijibu, "Nitasali Uganda, lakini sitakula Uganda."

Sababu yake naijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakapora ng'ombe na mali, na daraja la Kyaka likavunjwa. Taifa lilipoitwa vitani, kaka yake shangazi, yaani baba yangu mkubwa, akaenda. Hakurudi. Mimi sikupata kumwona; namjua kwa picha tu, iliyotundikwa ukutani kwa shangazi. Hata hivyo, nakiri mbele yenu kwamba siku ile nilimcheka shangazi moyoni. Nilijiona mtu wa chuo, na yeye mtu wa mambo ya kale.

Basi tukaenda. Usagara tukashika njia ya Kigongo, tukavuka maji kwa kivuko mpaka Busisi, maana daraja refu lililopo sasa lilifunguliwa Juni 2025. Tukapita Sengerema, Geita na Biharamulo. Tulipoingia wilaya ya Muleba shangazi akanyamaza kimya. Katika wilaya hiyo ndiko kuliko Kaboya, walikozikwa askari wetu wengi wa vita ile, na baba mkubwa ni miongoni mwao. Jioni tukalala Bukoba. Hapo shangazi alikula ndizi na maharage vizuri, hata akaomba kuongezewa. Nikajua kwamba hana ugomvi na ndizi.

Asubuhi tukavuka Kagera pale Kyaka, tukafika Mutukula. Huo ni mji mmoja ulio katika nchi mbili. Mgeni akitazama nyumba tu hawezi kujua mpaka u wapi. Tukagongewa mihuri, tukabadili fedha, tukaingia Uganda. Mchana tukasimama Masaka kula.

Hapo nikajifanya mwenyeji. Nikaagiza kwa sauti, "Ugali na nyama!" Binti aliyetuhudumia akanitazama tu. Baadaye nikafahamu kwamba ugali kwao huitwa posho, na tena si chakula anachotarajiwa mgeni wa heshima. Chakula chao cha heshima ni matoke. Ndizi humenywa mbichi, hufungwa katika majani ya mgomba, huwekwa juu ya chungu zikaiva kwa mvuke. Kisha hupondwa zingali zimefungwa, zikatoka laini na rangi ya manjano. Kitoweo tulicholetewa huitwa luwombo: nyama ya kuku katika mchuzi wa karanga, imefungwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni kwanza ili lilainike lisipasuke. Husimuliwa kwamba kitoweo hiki kilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mwaka 1887. Ukifungua jani, harufu yake yakufikia kabla hujaosha mikono.

Sasa shangazi yuko wapi? Amekaa barazani, nje ya hoteli, kapu lake miguuni, anatafuna michembe.

Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo kama yake. Kumwona mgeni mzee anakula chakula kikavu mlangoni pake, ilikuwa aibu kwake. Akatoka, akapiga magoti kumwamkia, kama ilivyo desturi ya wanawake wa Buganda, na kama wasichana wa Usukumani walivyofundishwa zamani. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mama, chakula changu kina kosa gani?"

Mimi nikaruka kutoka mezani ili niseme maneno ya kupoza. Shangazi akanitangulia. "Chakula chako hakina kosa. Kaka yangu alikuja katika vita vya nchi hii, hakurudi."

Yule mama hakuinuka. Akaketi pale pale chini. Akasema, "Kiswahili hiki nilikisikia kwanza kwa askari. Askari wa Amin walikisema, na wenu walikisema. Nyumba ya baba yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara hii. Askari wenu waliilipua. Nasi Amin hatukumpenda."

Ndugu msomaji, mimi niliyesoma sikuwa na neno. Ni kweli kwamba majeshi yetu yaliuteka mji wa Masaka tarehe 24 Februari 1979, na ni kweli kwamba majengo mengi ya mji ule yaliangushwa kwa baruti, kulipa kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Kwetu twasimulia sana ushindi wa vita ile, na ni haki yetu, maana tulishambuliwa sisi. Lakini habari ya nyumba za Masaka ni wangapi kati yetu wanaowasimulia watoto?

Shangazi alikaa kitambo. Kisha akasogeza kapu, akatoa tobolwa moja, akasema, "Onja." Yule mama akatafuna polepole. "Hiki ni kiazi," akasema. "Wateso nao hukausha viazi namna hii." Akataka kingine. Akaingia ndani, akarudi na matoke na luwombo, akaviweka barazani, si mezani. Shangazi akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akala. Wakala pamoja, huyu kutoka kapu na yule kutoka jani.

Alipomaliza, shangazi akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Yule mama akacheka, maana kwa Kiganda asante ni "Webale." Wakawa wanapokezana, "Wabeja," "Webale," kama watoto, mpaka dereva akapiga honi. Nilipotaka kulipa sahani ya shangazi, fedha yangu ilikataliwa. Michembe iliyosalia ilibaki Masaka.

Sasa, ninyi mtakaosafiri, nawapa mashauri matatu. Kwanza, ulizeni bei kabla ya kuketi, na badilini fedha kidogo kidogo, maana shilingi yao si shilingi yetu. Pili, jifunzeni neno la kushukuru katika lugha ya wenyeji; mwenye hoteli akisikia ahsante kwa lugha yake atakutazama kwa jicho jingine. Tatu, chukueni chakula cha nyumbani, si vibaya, lakini kichukueni ili mpate cha kumwonjesha mwenyeji, wala msikifanye ukuta wa kujitenga naye. "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Yeye ndiye anayehitaji kupokewa.

Namugongo tuliona mengi, na umati wa watu kutoka nchi nyingi. Lakini tuliporudi Mkolani, majirani walipokuja kumpa shangazi pole ya safari, hakuanza na habari za umati. Aliwaonyesha jani la mgomba alilolikunja ndani ya kapu, limekwisha kauka, akawaeleza jinsi kuku anavyofungwa. Mmoja akamwuliza, "Si ulisema hutakula kwao?" Shangazi akamjibu, "Nilisema. Nilidhani tuliofiwa ni sisi tu."

Jumapili iliyofuata alileta nia zake za misa ofisini kwangu niziandike. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu kaka yake, kama kila mwaka. Ya pili akaniambia niandike hivi: "Kwa watu wa Masaka." Nikaandika.